Nipe Mji

Ndugu msomaji, hebu tuanzie kwa Waingereza, halafu tutarudi nyumbani. Kuna kitenzi kimoja ambacho kila aliyekalia dawati la shule amekutana nacho: "give up". Mwalimu anakiandika ubaoni, na mbele yake anaandika maana: kukata tamaa. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, basi. Mtu anatoka hapo akiamini kwamba "give up" ni jambo baya, maana kukata tamaa ni jambo baya, nani asiyejua? Limeandikwa nyuma ya daladala, linahubiriwa msikitini na kanisani, na mshikaji wako akifeli mtihani ndilo neno la kwanza utakalomwambia: usikate tamaa, bwana.

Mimi nasema mwalimu yule alitupa robo tu ya neno. Na robo hiyo imetuletea taabu, si katika mtihani tu bali katika maisha. Swali langu ni hili: je, kuachia jambo ni udhaifu siku zote? Na kama si udhaifu siku zote, tutajuaje lini ni woga na lini ni uungwana?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mwingereza aliyeacha sigara anasema ame-"give up" sigara. Aliyesimama kwenye basi ili mama mjamzito akae, naye ame-"give up" kiti. Mhalifu aliyechoka kukimbia akajipeleka polisi, amefanya hivyo hivyo, ila kwa nafsi yake. Jeshi linalouachia mji, mfalme anayekiacha kiti cha enzi, mtu anayemtaja mwenzake kwa askari, mtoto aliyeshindwa fumbo, mgonjwa anayevuta pumzi ya mwisho: wote hao wanabebwa na kitenzi hicho hicho kimoja. Sisi kila mmoja wao tumempa chake. Wa sigara anaacha. Wa kwenye basi anapisha. Mhalifu anajisalimisha. Jeshi linasalimu amri. Mfalme anajiuzulu, na kama ni kiongozi wa chama magazeti yataandika kwamba amebwaga manyanga. Anayemtaja mwenzake, mtaani tunasema amemchoma. Na wa mwisho amekata roho.

Sisemi haya ili tujigambe kwamba Kiswahili ni tajiri kuliko Kiingereza. Kila lugha inafundisha kwa namna yake. Kiingereza, kwa kuwaweka watu hawa wote chumba kimoja, kinatuonyesha kwamba wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja alikuwa ameshika kitu, na sasa mkono umefunguka. Kiswahili, kwa kuwagawia vyumba, kinatukumbusha kwamba kufunguka kwa mkono si jambo moja. Hatuwezi kumhukumu anayepisha kwa sheria ya anayechoma.

Sasa angalia neno "give" peke yake. Ni kutoa. Na maana ya zamani ya "give up" ilikuwa ndiyo hiyo hasa: kutoa, kukabidhi, kumkabidhi mwingine kitu ulichokuwa unakishikilia. Kwa hiyo ndani ya neno hili la Waingereza kuna mtu wa pili ambaye hatumwoni, yaani anayepokea. (Na kwa wale wenye mtihani: kinachofuata ni "smoking", si "to smoke", na kiwakilishi kinakaa katikati, "give it up". Ukikipeleka mwisho watakucheka.)

Kwetu je? Sisi hatutoi, sisi tunakata. Kukata tamaa. Kukata roho. Tunasema maneno haya kila siku bila kuyasikiliza. Kisu kile kile kinachokata tamaa ndicho kinachokata roho, na sidhani kama ni bahati mbaya. Waliotangulia waliona kwamba mtu asiye na tamaa yoyote amekwisha kufika nusu ya njia ya makaburini.

Wafasiri wa Biblia walikutana na jambo hili. Katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, Marko sura ya 15 na Yohana sura ya 19 zote zinatumia "gave up the ghost" kueleza kifo cha Yesu. Wafasiri wetu wa Union Version hawakutumia neno moja. Kwa Marko wameandika kukata roho, kwa Yohana wameandika kuisalimu roho. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Roho iliyokatwa imekatika tu, kama kamba. Roho iliyosalimishwa imekabidhiwa, yupo aliyeipokea. Ni kifo kile kile msalabani, lakini unaposoma sura hizi mbili kwa Kiswahili unaona vitendo viwili.

Lakini tusiliache neno tamaa. Hapo ndipo fundo lilipo. Tamaa ni neno lililotoka Kiarabu, na huko maana yake ni uchu, kutaka kwa pupa. Na kwetu maana hiyo ipo hai: tamaa mbele, mauti nyuma. Fisi wa hadithi zetu anakufa kwa tamaa. Tajiri anadhulumu kwa tamaa. Mzazi akimwambia binti yake "una tamaa" hamsifii. Sasa niulize kama mtoto: ikiwa tamaa ni mbaya hivyo, mbona kukata tamaa si jambo jema? Kwa maneno yalivyo, aliyekata tamaa angestahili kupigiwa makofi!

Jibu ni kwamba Kiswahili kimetia vitu viwili katika gunia moja. Humo mna uchu, na mna matumaini. Mtu akisema "nimekata tamaa" hatujui kisu kimepita wapi. Huenda amekata uchu, akapona. Huenda amekata matumaini, akafa akiwa anatembea. Na mara nyingi, nasema kwa kuwatazama watu wa rika langu, mwenyewe hajui amekata kipi.

Tukiwaendea wahenga watuamulie, tunakuta nao wamegawanyika. Mmoja anasema mvumilivu hula mbivu, mwingine anasema bandu bandu huisha gogo, yaani shikilia. Halafu upande wa pili: mtaka yote hukosa yote, na mshika mawili moja humponyoka, yaani achia. Kisha anakuja wa tatu na kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Huyu hakatazi kuacha, anakataza kuacha ovyo. Nadhani huyu wa tatu ndiye aliyetafakari zaidi, maana anatulazimisha kuuliza: unaacha nini, na kwa ajili ya nini?

Basi tuulize swali hilo mbele ya mfano ambao kila Mtanzania amesimuliwa. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, jiji lililo juu zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, John Stephen Akhwari alikimbia marathoni kwa ajili ya Tanzania. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Alifungwa bendeji akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha kumaliza zaidi ya saa nzima kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, giza limeingia, watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alikuwa wa mwisho, wa 57 kati ya waliomaliza. Tangu siku hiyo amekuwa mfano wa mtu asiyekata tamaa, na anastahili heshima yote.

Lakini tutazame vizuri. Je, ni kweli Akhwari hakukata tamaa? Kama tamaa ni ile ya medali, aliikata palepale goti lilipochanika. Asingeweza kuota dhahabu akiwa na mguu ule. Alichofanya ni kukata tamaa moja na kushika nyingine: tamaa ya kushinda ikaenda, nia ya kumaliza ikabaki. Laiti angeshikilia zote mbili, nadhani angekaa chini pale barabarani, maana kwa mtu anayetaka dhahabu tu, hakuna sababu ya kukimbia hadi nafasi ya 57. Yaani aliweza kuendelea kwa sababu alijua kitu gani cha kuachia.

Na katika mbio hizo hizo alikuwamo Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni Roma mwaka 1960 akiwa peku, akashinda tena Tokyo mwaka 1964. Bikila alikuwa ameumia mguu. Hakufika hata nusu ya njia, akatoka. Mbona hakuna anayemwita mwoga? Mbona hatumtumii katika mahubiri kama mfano mbaya? Kwa sababu tunajua, hata kama hatusemi, kwamba mtu yule hakukimbia taabu. Alitazama mguu wake, akatazama barabara iliyobaki, akaamua. Na aliyeshinda siku hiyo ni ndugu yake wa nchi moja. Barabara ilikuwa moja, siku moja, mmoja akatoka na mmoja akamaliza, na wote wawili ni waungwana. Basi kumbe uungwana haupimwi kwa kumaliza au kuacha peke yake.

Kuna jambo la pili la kupima. Nani ameamua? Turudi kwenye kile kiti cha basi. Ukimpisha bibi kizee kwenye daladala umefanya adabu, na kondakta asiposhukuru, bibi atakuombea. Sasa nenda Montgomery, Alabama, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955. Rosa Parks, fundi cherehani, mwanamke mweusi wa miaka 42, ameketi kwenye basi akitoka kazini. Dereva anamtaka ainuke ili mzungu akae, maana ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa ubaguzi kule. Anakataa. Anakamatwa. Watu weusi wa mji ule wakasusia mabasi kwa siku 381, wakitembea kwa miguu na kupeana lifti, mpaka mahakama kuu kabisa ya Marekani ikauvunja ubaguzi ule.

Ukisoma habari zake kwa Kiingereza utakuta neno ni lile lile: alikataa ku-"give up" kiti. Kwenye daladala, kukiachia kiti ni heshima. Kule Montgomery, kukiachia kungekuwa kuikubali dharau kama sheria ya Mungu. Tofauti iko wapi, wakati kiti ni kiti na kusimama ni kusimama? Tofauti ni kwamba kupisha ni kwa hiari, na ukilazimishwa hujapisha, umenyang'anywa. Ndiyo maana nawaogopa sana wanaowahubiria maskini uvumilivu na kuachilia mambo, "mwachie Mungu", huku wao wameshika kwa mikono miwili. Mtu hawezi kutoa kitu alichonyang'anywa. Kabla ya kumsifu mtu kwa kuachia, uliza kama aliruhusiwa kushika.

Jambo la tatu: nani anapokea? Hapa tunalo neno letu wenyewe, na tulilipata katika kumbukumbu ambayo bado ni ya karibu. Novemba 1985 Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais, akamkabidhi Ali Hassan Mwinyi. Marais wengi wa Afrika wa enzi hizo walikuwa wakitoka kwa risasi au kwa jeneza. Magazeti yangeweza kuandika amejiuzulu, au amestaafu. Lakini neno lililokaa midomoni mwa watu ni lile aliloleta yeye kutoka kwao, kwa Wazanaki: kung'atuka. Kwa Wazanaki ni wazee wa rika moja wanaowaachia madaraka wa rika linalofuata. Maana hiyo haipo katika kujiuzulu. Anayejiuzulu anaweza kususa, akabamiza mlango na kwenda zake. Anayeng'atuka, lazima nyuma yake awepo anayekalia kigoda.

Na Nyerere alikuwa na mazoea ya kuachia. Mwaka 1955 aliacha ualimu wa Pugu alipotakiwa kuchagua kati ya darasa na siasa, na ajabu ni kwamba aliyeacha ualimu ndiye tuliyemwita Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Tusimfanye malaika, lakini. Alipong'atuka urais aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na wapo waliosema mkono mmoja ulikuwa umefunguka na mwingine bado umeshika. Pia aliondoka uchumi ukiwa taabani. Lakini hata wanaomlaumu kwa hayo hawasemi alikata tamaa. Kwa nini? Kwa sababu alikabidhi. Waingereza nao walikuwa na Edward VIII, aliyeacha ufalme Desemba 1936 ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke aliyekuwa katika talaka yake ya pili. Hadi leo watu wanabishana kama ni ushujaa wa mapenzi au ni kuwatupa watu wake. Siingii ugomvi huo. Natazama tu kwamba ubishi wenyewe ni juu ya nani alipokea nini, na nani alibebeshwa mzigo.

Hadi hapa nimezungumzia vitu: medali, kiti, cheo. Linapokuja suala la mtu, mambo yanakuwa magumu, na hapa nitaomba ruhusa niseme ya nyumbani.

Nina binamu yangu aliyekuwa anabwia unga. Teja, kama mtaa unavyowaita. Aliuza redio, akauza pasi, akauza viatu vya mdogo wake. Ukafanyika ukumbi wa ukoo. Baba mkubwa akasema, "Huyu tumwache, amekwisha. Tukate tamaa tupumzike." Shangazi, mama yake, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akajibu kwa sauti ya chini: "Kaka, mimi funguo nimemnyang'anya. Hela simpi hata mia. Akiiba tena nitakwenda mwenyewe polisi. Lakini chakula chake nitakifunika. Akija atakikuta, asipokuja nitakula mimi asubuhi."

Nililifikiria jibu lile kwa muda mrefu. Kiingereza kina njia ya kulieleza, na ni kwa kuongeza neno dogo tu. Mtu ana-"give up" unga, lakini jamaa zake wana-"give up ON" yeye. Hiyo "on" ni kama jiwe unalomwekea mtu kifuani. Na Kiswahili nacho hakikulala. Sisi tunaingiza irabu moja tu ndani ya kitenzi: kukata tamaa, kumkatia tamaa. Ile "i" iliyojipenyeza pale, ya kutendea, inageuza kila kitu. Nikikata tamaa, nimejifanyia mwenyewe. Nikikukatia tamaa, nimekukata wewe.

Shangazi alikuwa ameachia mengi. Aliachia ndoto ya mtoto wa kumjengea nyumba, aliachia aibu mbele ya majirani, na aliachia ule upole wa kina mama wa kutoa noti kila mtoto anapolia. Hayo yote aliyakata bila huruma. Lakini hakumkatia tamaa mtu. Baba mkubwa alitaka kufanya kinyume chake: kumkata mtu ili yeye abaki na jina safi la ukoo. Binamu yangu sasa anakwenda kila asubuhi kunywa methadoni kwenye kliniki, tiba ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Sijui kesho yake, na sitaki kuifanya hadithi ya kuponyoka kwa miujiza. Kawa bado linafunika sahani. Ninachosema ni kwamba shangazi, ambaye hajui neno moja la Kiingereza, alijua pa kupitisha kisu.

Naona msomaji mmoja ananyoosha kidole. Anasema: "Ndugu mwandishi, umewafungulia mlango wavivu. Kesho kila mzembe wa kijiweni atasema hajakata tamaa, ameng'atuka!" Hoja hiyo ni nzito na lazima nijibu.

Mvivu, ukimchunguza, hajakata tamaa hata kidogo. Tamaa yake iko palepale, pengine imenenepa. Bado anataka nyumba, bado anataka gari, bado anataka jina, anasubiri zali. Alichokata ni jitihada. Akhwari alikata tamaa ya medali akabakiza jitihada, mvivu anakata jitihada anabakiza tamaa. Hapo ndipo pa kuwatenganisha. Mtu akikuambia ameachana na jambo fulani, msikilize jioni. Kama kila akimwona aliyefanikiwa moyo unamchoma na mdomo unamsengenya, bado hajaachia kitu, amechoka tu. Aliyeachia kweli anaweza kumtazama mwingine akikalia kile kiti na akamtakia heri.

Sasa nije kwetu, sisi tunaoandika. Kila mmoja wetu ana daftari chini ya godoro, na wengi tumewahi kurudishiwa mswada wenye barua ya mistari miwili. Swali la "niache au nisiache" kwetu si la darasani. Kuna aliyeacha, tena akiwa bingwa. Arthur Rimbaud, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1854, aliandika akiwa kijana mdogo mashairi yaliyougeuza ushairi wa nchi yake, na kabla hajatimiza miaka 22 alikuwa amekwisha kuacha. Mwaka 1880 akafika Harar, huku kwetu pembe ya Afrika, akawa mfanyabiashara wa kahawa na ngozi, baadaye hata bunduki. Alikufa Marseille mwaka 1891 akiwa na miaka 37, hakuurudia ushairi. Na kuna ambaye hakuacha: Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni, aliyeandika huku akipiga kazi ya ofisi mwaka baada ya mwaka, hadi alipofariki mwaka 1962. Tunamheshimu huyu, na hatuna haki ya kumdai yule deni la mashairi ambayo hakuyaandika.

Lakini kabla hujachoma daftari lako, mwenzangu, jiulize unachoma tamaa gani. Kama ni ile ya kuonekana gazetini na kuitwa mshairi na mabinti wa chuo, ichome, tena haraka, nitakuletea kiberiti. Kama ni ile ya kulitafuta neno linalofaa mpaka saa nane za usiku wakati hakuna anayekulipa, hiyo ni matumaini, na ukiikata usiseme umepumzika. Ni kweli mara nyingi zimesukana kama ukili, si rahisi kuzitenganisha. Ndiyo kazi yenyewe.

Nimalizie na kitendawili, maana hapo ndipo lugha yetu iliponishangaza kuliko pote. Mwingereza akishindwa fumbo anasema "I give up", na mambo yamekwisha. Sisi tukishindwa, mtegaji hatuambii tukate tamaa. Anasema: nipe mji. Tunampa mji, Mombasa au Tanga au Kigoma, anakwenda, anakaa, anakula vyake huko, halafu anarudi na jibu. Bibi zetu hawakuwa wakitusimanga kwa kushindwa. Walitufundisha kwamba kushindwa kuna bei, bei yake hulipwa kwa kutoa na si kwa kukata, na aliyetoa haondoki mikono mitupu. Anaondoka na jibu ambalo asingelipata kama angeng'ang'ania kubahatisha mpaka usiku uishe.

Kwa hiyo safari nyingine mtu akikuambia usikate tamaa, mshukuru, anakutakia mema. Kisha kaa peke yako ujiulize: ninachoachia ni uchu au ni matumaini? Nimeamua mimi au nimenyang'anywa? Na ni nani anayepokea? Ukipata majibu matatu, shika au achia, vyovyote utakavyoona, na usimwogope mtu. Usipoyapata, usione haya. Toa mji, subiri jibu.